Hamira katika Chakula na Lishe ya Binadamu

Hamira ni kiumbe hai wa jamii ya kuvu, mwenye seli moja tu. Aina inayotumika zaidi jikoni na viwandani ni Saccharomyces cerevisiae. Seli yake ina upana wa mikromita 5 hadi 10, hivyo haionekani kwa macho bila hadubini, na gramu moja ya hamira mbichi huwa na seli zipatazo bilioni 10. Huzaliana kwa kuchipua: kijiseli huota ubavuni mwa seli mama, hukua, kisha hujitenga. Ikipata joto, maji na chakula cha kutosha, idadi yake huongezeka maradufu kwa muda wa dakika 90 hivi. Kimaumbile huishi kwenye maganda ya matunda, utomvu wa miti, maua na miili ya wadudu, na ndiyo maana maji ya miwa au ya ndizi yakiachwa wazi huchacha yenyewe bila kutiwa kitu.

Mchango wake katika chakula ni wa namna tatu. Kwanza, hubadilisha chakula kingine kabla hakijaliwa: huumua unga, huzalisha pombe, huongeza ladha na hulegeza virutubishi vilivyofungwa ndani ya nafaka. Pili, yenyewe ni chakula chenye protini na vitamini. Tatu, hutumiwa kama mtambo wa kutengenezea vitu vinavyohitajika katika vyakula na dawa. Namna hizi tatu hazilingani kwa uzito. Ya kwanza ndiyo inayogusa watu wengi zaidi, na manufaa yake hutegemea mambo mawili ambayo mpishi anayamudu: muda na hali ambayo hamira imewekewa.

Jinsi inavyofanya kazi

Chakula cha hamira ni sukari sahili. Wanga wa unga haiwezi kuula moja kwa moja. Lazima kwanza uvunjwevunjwe na vimeng'enya, ama vile vilivyomo ndani ya unga wenyewe au vile vya kimea. Sukari ikishapatikana, hamira huitumia kwa njia mbili. Penye oksijeni na sukari kidogo huichoma yote, hupata nguvu nyingi na kuzaliana kwa wingi. Pasipo hewa huigeuza kuwa ethanoli na gesi ya kaboni dayoksaidi. Kwa hesabu ya kikemia, gramu 180 za glukosi hutoa takriban gramu 92 za ethanoli na gramu 88 za gesi. Kwa hali halisi hupungua kidogo, kwa sababu sehemu ya sukari huenda katika gliseroli na katika kujenga seli mpya. Sukari ikizidi, Saccharomyces cerevisiae huchachua hata kama hewa ipo.

Joto nalo lina mipaka yake. Hamira hustawi kwenye nyuzi joto 25 hadi 35 za Selsiasi, huzubaa kwenye baridi ya jokofu bila kufa, na hufa joto linapofika nyuzi 55 hadi 60. Chumvi nyingi na sukari nyingi huvuta maji kutoka kwenye seli na kuichelewesha. Kwa hiyo donge la mahamri lenye sukari nyingi huumuka polepole kuliko la mkate wa kawaida, na huhitaji hamira zaidi au subira zaidi.

Kutoka kubahatisha hadi kiwandani

Binadamu walitumia hamira kwa maelfu ya miaka bila kuijua. Misri ya kale ilioka mikate iliyoumuka na kupika bia, na mafundi wake walihifadhi sehemu ya donge au ya pombe ya jana ili kuanzishia ya leo. Mwaka 1680 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliona chembe za hamira kwa hadubini yake, ila hakutambua kuwa zina uhai. Katika miaka ya 1830 Charles Cagniard de la Tour wa Ufaransa na Theodor Schwann wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kuwa ni kiumbe kinachoota. Wanakemia wakubwa wa wakati huo, akiwemo Justus von Liebig, walipinga. Louis Pasteur ndiye aliyethibitisha, kwa majaribio ya kuanzia mwaka 1857, kwamba uchachu ni kazi ya viumbe hai. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kuotesha hamira kutokana na seli moja iliyochaguliwa, na tangu hapo kiwanda kikaweza kupata bia ileile kila siku. Mwaka 1897 Eduard Buchner aliichachua sukari kwa maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye hamira iliyosagwa, bila seli hai, akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1907.

Hamira ya dukani leo hukuzwa kwa molasi, yaani masalio ya kiwanda cha sukari, katika matangi makubwa yanayopulizwa hewa mfululizo na kuongezwa naitrojeni na fosfati. Molasi humiminwa kidogo kidogo, kwa sababu ikimiminwa yote kwa mpigo hamira itatengeneza pombe badala ya kuzaliana. Seli huchujwa, huoshwa na kugandamizwa. Zikibaki na maji asilimia 70 hivi hupatikana hamira mbichi, ambayo hudumu wiki chache tu na lazima ikae kwenye jokofu. Zikikaushwa hadi kubaki na unyevu wa asilimia chache, hupatikana hamira kavu ya chengachenga, inayotakiwa kuamshwa kwanza katika maji ya uvuguvugu. Tangu miaka ya 1970 imeenea pia hamira ya papo kwa papo, yenye punje ndogo zinazochanganywa moja kwa moja na unga. Kiasi chake cha theluthi moja tu ya uzito wa hamira mbichi hufanya kazi ileile, na kwa kuwa haihitaji jokofu, pakiti yake imefika hadi kwenye vibanda vya vijijini.

Hata hivyo pakiti iliyofunguliwa hunyonya unyevu na seli hufa. Kipimo chake ni rahisi: kijiko kimoja cha hamira hutiwa katika nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo. Povu likijaa juu ndani ya dakika 10, hamira ni hai. Maji yakibaki yametulia, hamira hiyo haitaumua unga hata ikiongezwa maradufu.

Mikate na vyakula vya kuumua

Katika unga wa ngano, kazi ya hamira hukutana na kazi ya gluteni, yaani utando wa protini unaojengeka unga unapokandwa na maji. Hamira hutoa gesi, gluteni huizuia isitoke, na donge hujaa. Likisukumwa na kukandwa upya baada ya kuumuka mara ya kwanza, viputo vikubwa hupasuka kuwa vingi vidogo, seli hupata sukari mpya, na mkate huwa na nyama laini iliyolingana. Ndani ya tanuri, dakika za mwanzo joto huharakisha hamira na kutanua gesi. Kisha seli hufa, wanga na protini hukaza, na mkate hubaki na umbo lake. Sehemu kubwa ya ethanoli iliyotengenezwa hutoka na mvuke.

Unga usio na gluteni hudai utaratibu mwingine, na vitumbua ni mfano mzuri. Mchele hulowekwa usiku kucha, husagwa na tui la nazi, kisha hutiwa hamira, sukari na iliki. Rojo hilo halina utando wa kushika gesi. Kinachovishika viputo ni uzito wa rojo lenyewe, na kwa muda mfupi tu. Likiwa jepesi mno, viputo hupanda juu na kupasuka. Likiwa zito mno, vitumbua hudumaa na kuwa vigumu. Likiachwa sana, sukari huisha, bakteria hushika hatamu na rojo huchacha kwa ukali. Mpishi mzoefu hulitazama likiwa limejaa vitundu juu na halijaanza kushuka. Hapo ndipo hulimimina kwenye chuma chenye mafuta ya moto, na wanga wa mchele huiva papo hapo ukayafunga matundu yabaki. Mkate wa kumimina hufuata kanuni hiyo hiyo.

Beking pauda hutoa gesi ileile ya kaboni dayoksaidi, ila kwa njia ya kemia na kwa dakika chache. Hufaa keki, ambazo rojo lake halihitaji kungoja. Lakini haizalishi harufu wala ladha zinazotokana na uchachu, na haiupi unga ule muda ambao, kama itakavyoonekana chini, una faida kwa lishe. Kinyume chake ni chachu ya asili, yaani unga na maji yaliyoachwa siku kadhaa hadi hamira za porini na bakteria wa asidi ya laktiki wakastawi pamoja. Injera ya Ethiopia, inayotengenezwa kwa unga wa tefu, hutegemea chachu ya aina hiyo, na kioevu cha mkupuo mmoja huhifadhiwa kwa ajili ya mkupuo unaofuata.

Vinywaji

Kwa kuwa nafaka haina sukari huru ya kutosha, bia huanza na kimea: nafaka hulowekwa, huota, hukaushwa na kusagwa, na vimeng'enya vilivyozaliwa katika kuota huugeuza wanga kuwa sukari. Viwanda hutumia makundi mawili ya hamira. Bia za kundi la ale hutumia Saccharomyces cerevisiae katika joto la wastani. Bia za kundi la lager hutumia Saccharomyces pastorianus katika ubaridi. Hiyo ya pili ni chotara, na mzazi wake wa pili, Saccharomyces eubayanus, alitangazwa mwaka 2011 baada ya kupatikana katika misitu ya Patagonia, Amerika ya Kusini.

Afrika Mashariki ina vinywaji vyake vya hamira ya asili. Mbege ya Wachaga wa Kilimanjaro huchanganya ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichache, pamoja na uji wa kimea cha ulezi, na hutiwa uchungu kwa gome la msesewe. Busaa ya magharibi mwa Kenya hutokana na mahindi na kimea cha ulezi, na urwagwa wa Rwanda na Burundi hutokana na ndizi. Katika nyanda za Iringa na Njombe hugemwa ulanzi kutoka kwenye machipukizi ya mianzi wakati wa mvua. Pwani, mgema hupanda mnazi na kotama yake, hukata ncha ya karara na kutega kibuyu. Utomvu huanza kuchacha ukingali ukidondoka, kwa kuwa hamira imo tayari kibuyuni na hewani. Uliogemwa karibuni ni mtamu. Baada ya saa chache ni tembo lenye kilevi. Ukikaa siku kadhaa zaidi, bakteria wa asidi ya asetiki huigeuza pombe kuwa siki ya mnazi.

Pombe hizi za kienyeji hunywewa pamoja na machicha na hamira yake, hivyo hubeba vitamini nyingi zaidi za kundi B kuliko bia iliyochujwa. Lakini hoja hiyo isitumike kutetea unywaji. Ethanoli huharibu ini, huzuia mwili kufyonza thiamini, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeviweka vinywaji vya pombe katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Virutubishi vya hamira vinaweza kupatikana bila madhara hayo.

Togwa ndiyo ushahidi wa karibu. Uji wa mahindi au mtama hupoozwa hadi uvuguvugu, hutiwa kimea cha ulezi na kuachwa. Kimea huuyeyusha uzito wa uji, kisha bakteria wa asidi ya laktiki na hamira huuchachusha kwa pamoja. Katika muda wa siku moja hivi asidi huwa kali kiasi cha kuzuia vijidudu vingi vya kuhara. Mtoto hupata kinywaji chepesi kumeza ilhali kimebeba unga mwingi. Utafiti uliofanywa kijijini Tanzania na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha kuwa watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa kwa njia hii waliugua kuhara mara chache kuliko wenzao. Sifa kubwa hapo ni ya bakteria, lakini hamira huishi nao kwa ushirika na huchangia harufu na ladha. Togwa inafaa kunywewa mapema, kwa kuwa ikiachwa siku kadhaa kilevi huongezeka.

Vyakula vingine

Kuna vyakula ambavyo mlaji hajui kuwa vimepita mikononi mwa hamira. Kakao, ikiwemo ile inayolimwa Kyela mkoani Mbeya, huvundikwa siku kadhaa baada ya matunda yake kuvunjwa. Siku ya kwanza na ya pili hamira hula sukari ya nyama nyeupe iliyozunguka mbegu na kutengeneza pombe. Kisha bakteria huigeuza pombe kuwa asidi, joto la lundo hupanda hadi karibu nyuzi 50, na mbegu hufa. Mabadiliko yanayotokea ndani ya mbegu wakati huo ndiyo chanzo cha ladha ya chokoleti. Kakao isiyovundikwa ikikaangwa haina ladha hiyo. Kahawa inayomenywa kwa maji nayo hupitia uchachu wa hamira na bakteria unaoondoa ute wa punje. Sosi ya soya hupata sehemu ya harufu yake kwa Zygosaccharomyces rouxii, hamira inayostahimili chumvi nyingi.

Hamira kama chakula

Hamira iliyokaushwa ina protini kati ya asilimia 40 na 50 ya uzito wake. Protini hiyo ina laisini kwa wingi, asidi amino ambayo mahindi na ngano zina upungufu nayo, ila ina methionini kidogo. Ina vitamini nyingi za kundi B: thiamini, riboflavini, niasini, B6 na foleti. Haina vitamini B12, isipokuwa kiwanda kiwe kimeiongeza. Hilo ni muhimu kwa wasiokula nyama, mayai wala maziwa.

Uwezo huo uliokoa watu kabla ya vitamini nyingi kujulikana kwa majina. Kusini mwa Marekani, ambako maskini waliishi kwa mahindi, ugonjwa wa pelagra uliua maelfu. Daktari Joseph Goldberger alionyesha kuwa chanzo chake ni mlo duni wala si vijidudu, na kwamba hamira ya bia huuzuia kwa gharama ndogo. Mafuriko ya mto Mississippi ya mwaka 1927 yalipowaacha watu bila chakula, Msalaba Mwekundu uligawa hamira hiyo kwa waathirika. Mwaka 1931 Lucy Wills, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Bombay, alitangaza kuwa Marmite, rojo la hamira linalotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1902 kutokana na masalio ya viwanda vya bia, liliponya aina ya upungufu wa damu kwa wanawake wajawazito. Kirutubishi kilichohusika kilikuja kutambuliwa kuwa foleti, ambayo leo hupewa wajawazito ulimwenguni kote.

Hata hivyo hamira haiwezi kuwa chakula kikuu. Seli zake zina asidi nyingi za nyukilia, ambazo mwilini huishia kuwa asidi ya yuriki. Zikizidi huchochea jongo na mawe ya figo. Kwa sababu hiyo wataalamu walipendekeza mtu mzima asipate zaidi ya gramu 2 kwa siku za asidi hizo kutoka katika vyakula vya aina hii. Hamira hai nayo haifai kuliwa mbichi kwa wingi, kwa kuwa huendelea kuchachua tumboni na kujaza gesi. Wanaotumia baadhi ya dawa za sonona za kundi la MAOI hukatazwa rojo la hamira, kwa kuwa tiramini iliyomo huweza kupandisha shinikizo la damu ghafla. Kwa upande mwingine, hofu kwamba kula mkate huleta maambukizi ya fangasi haina msingi: maambukizi hayo husababishwa zaidi na Candida albicans, kiumbe tofauti na hamira ya mkate, ambayo kwa vyovyote hufa katika kuoka.

Kufungua madini ya nafaka

Mchango mkubwa zaidi wa hamira katika lishe unatokana na kile inachosababisha ndani ya unga. Pumba za nafaka zina fitati, kemikali inayoshika madini ya chuma na zinki kiasi kwamba utumbo hauwezi kuyafyonza. Mwaka 1961 daktari Ananda Prasad na wenzake walichapisha taarifa kuhusu vijana wa vijijini karibu na Shiraz, Iran, waliodumaa na kuchelewa kubalehe. Mlo wao ulikuwa mkate wa ngano usioumuliwa, nyama ilikuwa nadra, na walikula pia udongo. Uchunguzi uliofuata nchini Misri ulionyesha kuwa vijana wenye hali kama hiyo walipungukiwa zinki, na huo ukawa mwanzo wa kuitambua zinki kuwa kirutubishi cha lazima kwa binadamu.

Unga ukiachwa uumuke, fitati hupungua. Sehemu ya kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya cha hamira, lakini sehemu kubwa ni ya kimeng'enya kilichomo ndani ya nafaka, kinachoamka kwa unyevu, joto na uchachu wa wastani. Ndiyo maana chachu ya asili, yenye asidi ya laktiki, hupunguza fitati zaidi kuliko hamira ya dukani pekee, na donge lililokaa saa kadhaa hushinda lililoharakishwa. Faida ni kubwa kwa unga usiokobolewa, kama ulezi, mtama au unga wa ngano nzima, kwa kuwa ndimo fitati na madini yenyewe yalimo. Unga mweupe una fitati kidogo, lakini madini yake yalishatupwa na pumba.

Matumizi mapya

Seli ya hamira sasa hufanyishwa kazi zilizo nje ya uchachu. Jenomu yake, ya kwanza kusomwa yote miongoni mwa viumbe vyenye seli zenye kiini, ilikamilishwa mwaka 1996. Hamira iitwayo Kluyveromyces lactis hutengeneza kaimosini, kimeng'enya cha kugandishia jibini ambacho zamani kilitoka katika tumbo la ndama. Chanjo ya homa ya ini aina ya B inayotokana na hamira iliidhinishwa mwaka 1986. Hamira ikimulikwa kwa mionzi ya urujuanimno hugeuza ergosteroli yake kuwa vitamini D2, na hutumika kurutubisha mikate katika baadhi ya nchi. Saccharomyces boulardii, iliyogunduliwa na Henri Boulard huko Indochina katika miaka ya 1920, hutolewa kama dawa ya kusaidia wanaoharishwa na antibiotiki, ila haifai kwa wagonjwa mahututi au wenye kinga dhaifu, kwa kuwa inaweza kuingia katika damu.

Tathmini

Ukipima yote haya, hamira haistahili kusifiwa kama dawa ya kila kitu, wala kuchukuliwa kama kiungo cha kujaza mkate upepo tu. Ikiwa chakula, ni nyongeza nzuri yenye mipaka inayojulikana. Ikiwa chanzo cha pombe, madhara yake kwa afya ni makubwa kuliko vitamini zilizomo. Ikiwa mshirika wa nafaka, thamani yake ni kubwa na bei yake ni ndogo. Upungufu wa damu unawasumbua wanawake na watoto wengi wa Afrika Mashariki, na sehemu ya madini wanayoyakosa imo tayari katika nafaka wanazokula. Kuumua au kuchachusha unga usiokobolewa kwa saa za kutosha hakuchukui nafasi ya nyama, dagaa, kunde na mboga za majani, lakini hufanya kila kibaba cha ulezi na mtama kilishe zaidi. Akina mama, mama lishe, waoka mikate na wasagaji wa unga wa lishe wanaweza kuanza na walicho nacho: unga usiokobolewa, chachu nzuri, na kuacha unga ukae muda wake.